Masika Watano na Friji ya Kalunguta

Masika Nadège hapendi kusifiwa. Ukimsifu anatoa simu mfukoni na kujifanya anasoma. Kwa hiyo nitaeleza habari zake kwa njia yangu, ya kunung'unika, na asiyependa kunung'unika asome kitu kingine. Mimi ni Jacob Kambere, mtunza ghala wa depo ya dawa hapa Butembo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Friji za chanjo za vituo vya afya vilivyo kati yetu na Beni ziko mikononi mwangu, na zimenizeesha kuliko watoto wangu wote sita.

Friji hizo zinatumia jua. Ndani ya kila moja kuna kipimajoto chenye laini ya simu, kilichowekwa na watu wa mradi mmoja wa wageni. Walikaa miaka mitatu, wakafanya karamu ya kuagana, wakaondoka. Vipimajoto walivifunga kwa lakiri, hakuna anayeweza kubadilisha kitu ndani yake. Joto likipanda, kipimajoto kinatuma ujumbe mmoja mahali fulani mtandaoni, na mahali hapo mafundi wanapaita mada. Mada ni kama tangazo la padri baada ya komunyo: linasemwa mara moja, na wote walio ndani ya kanisa wanalisikia. Kwenye mada ile tulijiandikisha watu kumi na mmoja, na ujumbe ulikuwa unaingia kwenye simu zetu zote kwa pamoja.

Shida ni kwamba kipimajoto hakina akili. Muuguzi akifungua mlango wa friji kuchukua chupa mbili, joto linapanda kidogo, ujumbe unakuja. Akifungua tena, ujumbe tena. Nilikuwa napata arobaini kwa siku. Ukipigiwa kelele mara arobaini kwa siku, masikio yanajifunga yenyewe.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, ujumbe wa kweli ulikuwa wa thelathini na saba. Betri ya friji ya kituo cha Kalunguta ilikuwa imekufa. Niliuona ujumbe, nikarudisha simu mfukoni, nikaendelea kuhesabu makartoni. Kesho yake chanjo zote zilikuwa zimeharibika, na ilikuwa siku ya chanjo. Mimi mwenyewe ndiye niliyetumwa kusimama mlangoni mwa kituo kuwaambia akina mama warudi nyumbani. Wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri, watoto mgongoni. Niliwaambia macho makavu kwamba betri imetuangusha. Kuhusu ujumbe wa thelathini na saba sikumwambia mtu. Tangu siku ile sikuzima simu tena, hata kanisani, na padri amenikanya mara mbili mbele ya watu.

Basi hapo ndipo Nadège aliponikuta.

Yeye ni mtoto wa Kalunguta, kifungua mimba wa Mama Kahongya, mkulima wa maharagwe na viazi. Ana mdogo wake mmoja, Ésaïe, aliyeugua surua akiwa na mwaka mmoja kwa sababu siku ya chanjo yake friji ya wakati ule, ya mafuta ya taa, ilikuwa imezimika. Ésaïe alipona, ila sikio la kushoto lilikufa. Hata leo ukimwita kwa upande huo hageuki. Nadège alikuwa na miaka kumi, na ndiye aliyembeba mgongoni siku ile kwenda na kurudi bure. Haya nimeyajua kwa mama yake, maana yeye hasemi.

Alikuja Butembo kusoma informatique, yaani masomo ya kompyuta, akamaliza, akakosa kazi, akafungua kibanda cha kutengeneza simu kule Bulengera karibu na soko. Depo ilimwita siku moja kutengeneza printa. Akaitengeneza, akaangalia kompyuta zetu, akasema zinatia aibu, akabaki. Ni mtu wa maneno machache na mandazi mengi. Ujasiri wake unakaribia ukorofi: akisema kitu kitafanya kazi, hasemi labda.

Siku moja alikuja kusimama mbele ya meza yangu.

"Papa Jacob, ile message ya mafrigo inaingiaka kwa batu kumi na moja, mais hakuna hata moja mwenye anaitikaka."

"Mwenye anaitikaka ni mie," nilisema.

"Weye unaitikaka ya ngapi?"

Nilimwangalia vizuri. Uso wake haukuonyesha kitu. Nikamwambia aniache nifanye kazi, nikainamia daftari.

Alikuwa na mpango, akaueleza kesho yake kwa daktari wetu mkuu, Docteur Marie-Jeanne. Angeandika programu ndogo, yeye anaiita fonction. Fonction haina mashine yake. Inalala mtandaoni bila kula kitu, ujumbe ukifika inaamka, inaazima mashine ya watu kwa sekunde mbili, inafanya kazi yake, inalala tena. Hata umeme wa Bulengera ukikatika siku tatu, yenyewe haina habari. Kazi yake itakuwa kusoma kila ujumbe wa friji na kujiuliza: huu ni mlango tu, au joto limekataa kushuka? Kama ni mlango, inanyamaza. Kama ni hatari, inampigia simu Issaka.

Issaka ni msafirishaji wa Beni, anakaa mtaa wa Bungulu, mtu wa swala tano na pikipiki isiyozimika. Tawi letu la Beni lina barafu wakati wote. Issaka akipigiwa, anachukua glacière, yaani sanduku la baridi, anaijaza barafu na kushuka Kalunguta kuokoa chanjo. Jambo rahisi, mradi apigiwe kwa wakati.

"Juu ya nini usitengeneze mada yako mupya, yenye haina kelele?" nilimuuliza, ili nionekane najua.

"Mafrigo haiwezi kuijua, papa. Ile bipimajoto ilifungwa, inajua tu mada ya zamani. Donc fonction yangu njo inapashwa kwenda kusikiliza kule mafrigo inasemaka."

Docteur Marie-Jeanne alikubali, lakini alikuwa na neno lake. Betri ya Kalunguta ilikuwa imeanza kuchoka tena, na nyingine ingefika baada ya wiki sita au zaidi.

"Jusqu'à vendredi," alisema, yaani mwisho ni Ijumaa. "Kama vendredi hatuna njia ya kulinda ile frigo, tunaifunga. Bamama ba Kalunguta batakuwa bakileta batoto huku Butembo."

Kutoka Kalunguta hadi hapa ni zaidi ya kilomita ishirini za kupanda na kushuka, na njia ile si kila siku inapitika. Sote mezani tulijua maana yake: nusu ya akina mama wasingekuja. Nadège alikunja karatasi yake, akasema, "Itatumika," yaani itafanya kazi, akatoka. Nilitikisa kichwa. Niliwahi kuwasikia wale wa mradi wakisema neno hilohilo, tena kwa Kifaransa kizuri.

Jumatano alasiri aliniletea mashine yake, kompyuta ya mkononi, nione. Kila mstari ulikuwa wa kijani, rangi ya mambo yaliyo sawa. Fonction ipo, mada ipo, zimeungana. Alipoijaribu kwa mkono, kwa kuiandikia ujumbe wa uongo, simu ya Issaka kule Beni ililia papo hapo. Alhamisi asubuhi tukapanda pikipiki kwenda Kalunguta kufanya jaribio la kweli. Ilikuwa siku ya chanjo, benchi zote za kituo zimejaa akina mama.

Tulihamisha chanjo zote kwenye glacière, kisha nikachomoa waya wa friji kwa mkono wangu. Tukakaa kungoja. Haikupita nusu saa simu yangu ikatetemeka: Kalunguta, digrii tisa. Nadège akampigia Issaka, aliyekuwa amekaa Beni na barafu tayari.

"Issaka, simu yako imelia?"

"Bado, dada. Niko naiangalia tu, hata chai sikunywe."

Tulingoja. Simu yangu ilitetemeka tena, digrii kumi, halafu digrii kumi na moja. Ya Issaka ilinyamaza kimya. Fonction ilikuwa imelala fofofo huku friji inachemka. Ningependa kuandika kwamba sikusema "nilikwambia". Nilisema. Nilisema mara mbili.

Nadège alikaa kwenye benchi katikati ya akina mama, mashine magotini, akawa anasoma mistari yake ya kijani mmoja mmoja.

"Inasema imeungwa," alinong'ona. "Mada iko. Fonction iko. Imeungwa."

Niliona shingo yake imelowa jasho, na hapo hasira yangu ikaisha, nikaanza kuogopa pamoja naye. Kesho ilikuwa Ijumaa. Niliangalia benchi zile, nikajiona tena nimesimama mlangoni.

Mlango wa chumba cha chanjo ulifunguka. Muuguzi Stanislas alitoa kichwa nje, kadi mkononi, akaita kwa sauti kubwa:

"Masika!"

Wakasimama watu watano. Wanne walikuwa akina mama wenye watoto wa kike mikononi. Wa tano alikuwa Nadège, macho bado kwenye mashine, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu.

Benchi zote zilicheka. Asiye Mnande kama sisi lazima aelezwe hapa: kwetu jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, kwa tajiri na kwa maskini, mlimani na mjini. Ndani ya nyumba jina hilo linatosha kabisa, maana Masika ni mmoja tu. Ukitoka nje ya ua unapaswa kutaja Masika wa nani, wa kilima gani. Stanislas alijua hilo, uchovu tu ndio uliomfanya asahau.

"Na weye, madame ya machine, unataka chanjo gani?" alimtania Nadège, kisha akasoma kadi yote. "Masika ya Godelive, ya kule ng'ambo ya muto, jamaa ya Sikuli!"

Watatu wakakaa. Masika wa Godelive akaingia. Nadège alibaki amesimama.

"Kaa basi," nilimwambia. "Banakuchekelea."

"Papa Jacob," alisema polepole, "nimeita jina tu."

"Jina ya nani?"

"Ya mada. Niliambia machine jina yake tu, sawa vile tuko ku nyumba."

Alinieleza akiwa amesimama vilevile, na kwa mara ya kwanza maneno yalimtoka mengi. Watu wa mradi walifungua mada yao kwenye mashine za upande wa Ulaya. Yeye akaunti yake iko kwenye mashine za Afrika Kusini, maana ni karibu zaidi. Alipoiambia kompyuta, niungie fonction hii na mada fulani, kompyuta iliangalia ndani ya nyumba yake yenyewe. Haikuona mada ya jina hilo. Haikuuliza, haikulalamika. Ilizaa mpya, ikaipa jina lilelile, ikaiunga na fonction vizuri kabisa, ikaonyesha kijani. Mada zilikuwa mbili zenye jina moja. Friji zilikuwa zinasema kwa ile ya zamani, na fonction ilikuwa imetega sikio kwa mtoto aliyezaliwa Jumatano.

"Inapashwa kuitwa na adresse yote," alisema. "Kule iko, nambari ya mwenye nyumba, ndipo jina. Ukitaja ile yote, haizae tena. Inaenda kutafuta yenye iko. Mais adresse yote ya mada ya mradi, mie sina."

Sasa, watu wa depo wananicheka kwa sababu situpi karatasi. Nina kabati zima la karatasi ambazo hazina kazi: orodha za karamu, vitambulisho vya watu waliohama, maelekezo ya mashine zilizokwisha kuuzwa. Watu wa mradi walipoondoka waliacha jalada moja la kijani. Ukurasa wake wa mwisho ulikuwa na mstari mrefu wa herufi na tarakimu ambao sikuwahi kuuelewa, na chini yake bahasha yenye ruhusa ya kuufungulia. Niliuchukia mstari ule tangu siku ya kwanza, na sikuutupa.

"Ngoja kwanza," nilisema, nikampigia Docteur Marie-Jeanne.

Daktari mkuu wa depo alipanda kiti mbele ya kabati langu na kunisomea mstari ule kwenye simu, herufi moja moja, nukta mbili, kistari, tarakimu kumi na mbili za mwenye nyumba, na jina mwishoni. Nilizirudia kwa sauti. Nadège aliandika. Akina mama walisogea kusikiliza, na mmoja wao, sikio lake karibu na simu yangu, alinirekebisha niliporuka tarakimu. Kisha akatusomea vilevile ya ndani ya bahasha, kwa sauti ya chini, mimi na Nadège tu tukisikiliza, nje nyuma ya kituo.

Nadège alifuta mada changa. Akaunga fonction na ile ya zamani, kwa anwani yote. Mistari ilikuwa ya kijani kama mwanzo, kwa hiyo sikuiamini. Waya ulikuwa bado umechomolewa. Tulingoja dakika kumi, kumi na mbili. Simu yangu ikatetemeka.

Halafu simu ya Nadège ikalia. Ilikuwa sauti ya Issaka, na nyuma yake pikipiki inanguruma.

"Dada! Imenipigia! Sauti ya mwanamuke iko inasema Kalunguta, digri kumi na mbili, beba barafu. Niko nabeba!"

Nadège alifunga mashine yake taratibu.

"Nilisema itatumika," alisema, akaomba mandazi.

Ijumaa Docteur Marie-Jeanne aliandika kwamba friji ya Kalunguta inabaki wazi. Jumamosi Nadège alituomba sote kumi na mmoja tutoe majina yetu kwenye mada, ili fonction peke yake isikilize kelele zile, na sisi tupate ujumbe mmoja tu, wa jambo lililokwisha kutokea na namna lilivyotendewa. Kumi walitoa siku hiyohiyo. Mimi nilikaa na simu mkononi.

"Papa, hata dimanche mu kanisa simu unaiachaka wazi," Nadège alisema. "Kesho uizime."

Hapo nikamwambia. Nilimwambia juu ya mwezi wa tatu, ujumbe wa thelathini na saba, na mkono uliorudisha simu mfukoni. Nilisema bila kumwangalia.

"Nilijuaka," alisema. "Iko mu rekodi. Ilifunguliwa mu simu yako saa kenda na dakika mbili."

"Na hukusema kwa mutu?"

"Arobaini kwa siku, papa. Hata mie ningeirudisha mu mufuko."

Niliona aibu na nikapata nafuu kwa wakati mmoja, na sikujua lipi lilinitoa machozi. Nikatoa jina langu kwenye mada mbele yake.

Jumapili niliingia kanisani simu imezimwa. Padri aliniona nikiizima, akainua nyusi. Misa ilikuwa ndefu, na sikusikia mahubiri, maana mkono wangu ulikuwa unarudi mfukoni wenyewe. Tulipotoka niliketi kwenye ngazi na kuiwasha. Palikuwa na ujumbe mmoja.

Kalunguta, betri imesimama saa mbili na dakika kumi. Issaka amepigiwa saa mbili na dakika arobaini. Chanjo zimewekwa kwenye barafu saa nne kasoro dakika tano. Digrii tano. Chanjo ni salama.

Niliusoma mara nne. Wakati mimi nilikuwa napiga magoti, friji iliita na iliitikiwa. Nililia pale kwenye ngazi, mtu mzima na koti langu la Jumapili, na sikujificha.

Alhamisi iliyofuata niliomba niende Kalunguta mimi mwenyewe, ingawa kazi ya kubeba glacière si yangu. Nilisimama mlangoni mwa kituo, mahali palepale pa mwaka jana. Akina mama walikuwa wanapanda kutoka mashambani. Mmoja alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na mwingine amemshika mkono. Aliponiona alisimama.

"Ni weye njo ulitwambiaka turudi ku nyumba," alisema.

"Ni mie, mama. Ile siku chanjo iliharibikaka juu yangu. Frigo iliita, mie sikuitika." Niliusogeza mlango kando. "Leo iko. Uingie na bote babili."

Alimweka sawa mtoto mgongoni, akasema kwa Kinande, "Wasingya," yaani asante, na kuingia. Ndani Stanislas alikuwa ameanza kazi. Aliita Masika, akataja na mama yake, na kilima chao, na mama mmoja tu akasimama.